Nimerudi chuo nikiwa na miaka 46 hapa Mwanza. Hawa watoto wa elfu mbili si kama mnavyowasema

Mama Furu (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wadau. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuungaunga apite tu, atausoma kesho.

Mimi ni mama wa miaka 46, nafanya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Fomu foo nilimaliza 1997, nikasoma cheti cha uhasibu 2001 hapahapa Mwanza. Baada ya hapo ndoa, watoto, magunia mawili ya dagaa kwa mkopo, na mengine mnayajua. Mwaka jana mwezi wa kumi nimerudi darasani kuchukua stashahada ya uhasibu. Chuo sikitaji, nina sapu moja, yaani mtihani wa kurudia, na nataka nimalize kwa amani.

Wanaoniuliza kilichonirudisha huwa nawajibu hivi. Mauzo yakishavuka milioni 100 kwa mwaka unatoka kwenye kodi ya makadirio, unatakiwa upeleke hesabu kamili za biashara. Nikampata kijana wa kuniwekea vitabu sawa kabla ya kuvipeleka kwa mhasibu mwenye muhuri. Miaka miwili nasaini karatasi nisizozielewa. Siku nilipokaa nazo chini na mwanangu mkubwa tukakuta stoo yangu kwenye karatasi ina magunia ambayo hayajawahi kuwepo duniani. Nililia siku moja. Siku ya pili nikaenda kutafuta cheti changu cha fomu foo.

Usajili wenyewe ni kisa. Cheti cha fomu foo jina lina herufi moja pungufu, kitambulisho cha NIDA kina jina la ndoa, cheti cha kuzaliwa kina jina la bibi yangu. Hati ya kiapo kwa wakili, ndipo ikaeleweka kwamba wote watatu ni mimi. Halafu nikapewa fomu ya kujaza mzazi au mlezi. Baba alishatangulia, mama yuko Magu ana miaka 78 na simu hapokei. Nikamwandika binti yangu wa miaka 24. Tangu siku hiyo ananipigia saa mbili usiku, "Mwanafunzi, umesoma leo?" Anafurahia kupita kiasi.

Sasa nije kwenye hoja. Kabla sijaanza nilishajazwa maneno na watu wa rika langu. Utakuta watoto hawasomi, hawana adabu, wako kwenye simu muda wote. Wiki za kwanza niliona walikuwa sahihi. Ticha anauliza swali, darasa la watu tisini kimya kama msiba. Anarudia, kimya. Mimi nikawa najibu kila swali kwa Kiingereza changu cha Mwaloni, nikawa najiona kichwa. Moyoni nasema, hiki kizazi kimekwisha.

Miezi mitatu nimekaa hivyo. Kumbe darasa lina grupu mbili za WhatsApp. Moja ina ticha na mimi ndani. Ya pili haina ticha, na mimi sikuwemo. Siku moja binti mmoja ananitazama nahangaika na daftari, akasema, "Mama, ngoja nikuingize kwenye ile nyingine, lakini usishangae."

Nilishangaa. Saa sita usiku watu wako macho wanabishana kuhusu uchakavu wa mali, kwamba injini ya boti uikatie kwa mkupuo sawa kila mwaka au kwa thamani iliyobaki. Huyu anatuma sauti, yule anapiga picha ya daftari, mwingine anakataa na kutoa mfano wa bodaboda ya kaka yake. Kiswahili kitupu, akili nyingi. Ni walewale waliokaa kimya saa nne asubuhi!

Nikamuuliza yule binti, mbona mchana hamsemi? Akanijibu kama anaongea na mtoto. "Mama, ukikosea Kiingereza darasani kuna mtu anakurekodi. Jioni uko kwenye status za watu. Kuna dada mwaka jana alikosea neno moja, mpaka leo anaitwa hilo neno."

Nililala nikiifikiria hiyo kauli. Sisi 2001 tulikosea sana jamani. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya darasa nikasema madeni ni mali, watu wakacheka mpaka wakagonga madawati, kesho yake wakawa wanamcheka mwingine. Kosa liliishia ndani ya kuta nne. Hawa kosa lao linatembea, linafika Bukoba na Tarime kabla mwenyewe hajafika hosteli. Ningekuwa mimi nisingefungua mdomo hata kuuliza choo kiko wapi.

Kwa hiyo wakubwa wenzangu mnaosema watoto hawajui kitu, mmewahi kuwasikiliza saa sita usiku?

---

Kichwa Kigumu

Uzi mzuri ila niulize kama mfanyabiashara mwenzako. Miaka 46, stashahada miwili, mambo ya shahada mengine matatu. Unamaliza una 51. Hiyo ada ungeongeza mtumbwi na taa za dagaa ukaajiri mhasibu mwaminifu. Unasoma ili iweje?

---

Kipanya cha Igoma

Nimekaa pale nasubiri jibu la huyo hapo juu.

---

Mama Furu

Kichwa Kigumu, mhasibu mwaminifu utamjuaje kama hujui anachoandika? Mimi wangu alikuwa mwaminifu sana, alikuwa anakuja na Biblia.

Na sijasema naenda shahada. Nataka nikishika karatasi nijue namba hii imetoka wapi. Umri wa 51 utanifikia hata nikikaa nyumbani.

---

Elfu Mbili na Tano

Shikamoo mama. Mimi ndio hao watoto, niko mwaka wa pili chuo kingine hapahapa Mwanza. Umesema kweli kuhusu kurekodiwa, lakini kuna kitu umekipita juu juu, naomba nikiseme bila kukuvunjia heshima.

Nyie 2001 mlikuwa mnasoma mkijua cheti ni kazi. Unamaliza, unavaa shati, unaanza. Kaka yangu ana shahada ya ualimu, amemaliza 2019, anaendesha boda Buhongwa. Mtaani kwetu kuna wenye shahada watatu, aliyejenga ni fundi welding ambaye aliishia la saba. Sasa mimi mnaponiona niko kwenye simu darasani mnafikiri nachat. Wakati mwingine ni kweli nachat. Lakini mara nyingi nauza. Nina manukato na mafuta ya nywele, mteja akiuliza bei nisipomjibu ndani ya dakika tano ameshanunua kwa mwingine. Hiyo ndiyo hela ya chakula. Bumu langu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, ni asilimia ndogo, mwisho wa muhula tunapiga pasi ndefu, yaani unakula saa tisa ili iwe chai, mchana na usiku.

Kwa hiyo sio kwamba hatusomi. Tunasoma huku tuna kazi ya pili, na hatuna uhakika hata moja kati ya hizo mbili itatutoa.

---

Mama Furu

Marahaba mwanangu. Hili nimelipokea. Pale darasani kwetu kuna kijana kila Jumatatu anasinzia, nilimsema mbele za watu. Kumbe Jumapili usiku anashusha mizigo stendi ya Nyegezi. Nilimwomba radhi na siku hizi namletea matobolwa, vile viazi vyetu vikavu. Ametokea Dar, mara ya kwanza aliniuliza kama hivyo ni viazi au magome ya mti.

---

Kichwa Kigumu

Usimpe mtu wa Dar matobolwa bila karanga, utamuua.

---

Mzee wa Pamba

Mwangaluka wote. Naomba nami nichangie, macho yangu hayaoni vizuri hivyo mnisamehe makosa ya herufi, mjukuu ndiye anayeniandikia baadhi.

Nyote mnazungumza kana kwamba mtu mzima darasani ni jambo jipya. Kwetu mtu mzima ndiye alikuwa mwanafunzi. Hapo jirani, Musoma, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa ikatoa lile Azimio la Musoma. Watu wengi wanalikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote. Lakini lilikuwa na kipengele kingine: kidato cha sita haendi moja kwa moja chuo kikuu. Anakwenda JKT, halafu anafanya kazi, halafu mahali pake pa kazi na Chama wanampa mapendekezo ndipo aombe.

Mimi nilimaliza kidato cha sita mwaka huohuo 1974. Nikaenda JKT, kisha nikaajiriwa kwenye ushirika. 1976 Serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, nikahamia Mamlaka ya Pamba hapa Mwanza. Nilipoingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1978 nilikuwa na mke na mtoto mmoja. Chumbani nilikaa na mwalimu mkuu mstaafu mtarajiwa, kama tulivyomtania, alikuwa na miaka 38. Mwenye miaka 21 tulimwita mtoto na tulimtuma sigara.

Mabishano yalikuwa makali kwa sababu kila mtu alikuwa ametoka mahali. Mhadhiri akizungumzia bei ya pamba mimi nimeipima pamba hiyo kwa mikono yangu na nimeona mkulima wa Kwimba akipunjwa. Huwezi kunidanganya.

Na hili la utovu wa nidhamu wa vijana, tulisemwa sisi pia. Oktoba 1966 wanafunzi waligoma habari ya JKT, Mwalimu akawarudisha makwao karibu mia nne. Machi 1978, miezi michache kabla sijaingia, wakaandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri, nao wakatimuliwa kwa mamia. Wengi wao baadaye wakawa wakubwa, na wakiwa wakubwa wakasema vijana wa siku hizi hawana nidhamu. Nimecheka sana.

---

Elfu Mbili na Tano

Shikamoo babu. Yaani mlikuwa mnapata kazi KABLA ya chuo halafu ndipo mnaenda chuo? Naomba hilo azimio lirudi kesho asubuhi.

---

Mzee wa Pamba

Marahaba mjukuu wangu. Usilitamani lote. Wazazi walilalamika, na wapo waliokaa kazini wakasahau shule kabisa. Na hayo mapendekezo, ukikosana na bosi wako au mwenyekiti wa tawi, umekwisha. Lakini hilo la kazi nakubali, wabeja, yaani asante.

---

Dereva wa Geita

Mimi nasoma Chuo Kikuu Huria, mwaka wa nne wa shahada ambayo wengine wanaimaliza kwa mitatu. Naendesha lori. Huku kwetu hakuna cha kizazi wala nini, kwenye mtihani unakaa kati ya askari magereza na mama wa maduka matatu, wote mmechoka sawasawa. Chuo chenyewe kiliundwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu kama sisi.

Changamoto yangu ilikuwa kivuko. Mtihani saa tatu asubuhi Mwanza, wewe uko Busisi kwenye foleni, unatazama ng'ambo ya Kigongo unaiona kabisa na huwezi kuigusa. Mtihani mmoja niliukosa hivyo. Tangu Juni 2025 daraja lilipofunguliwa navuka zile kilomita tatu nikiwa bado namalizia andazi. Vijana watakaokuja kusoma hawataelewa nikiwaambia nilirudia somo kwa sababu ya maji.

---

Kipanya cha Igoma

Mama Furu tupe tukio moja lililokufanya uone kweli umri umekwenda. Sio mambo ya jumla.

---

Mama Furu

Yako mengi ya kuchekesha. Ticha wa takwimu ana miaka 28 hivi. Tukikutana koridoni ananiamkia shikamoo na kuinama. Tukiingia darasani mimi ndiye nasimama akiingia. Siku ya kwanza tuliamkiana kwa wakati mmoja, mimi "good morning sir" yeye "shikamoo mama", darasa likalipuka. Tumekubaliana nje anaamkia yeye, ndani naamkia mimi. Mlango ndio mpaka.

Lakini kuna moja si la kuchekesha.

Kipindi cha bima. Ticha anafundisha kuhusu kuzidisha mzigo, akatoa mfano wa MV Bukoba, meli iliyotakiwa kubeba abiria 430. Akaandika ubaoni 21 Mei 1996, siku ilipozama. Mimi nikashusha kalamu. Nilikuwa fomu tatu. Nakumbuka mji ulivyokuwa, watu wamejaa uwanjani kutambua miili, na baadaye Igoma makaburini. Shangazi yangu alipandia Kemondo. Sijawahi kupita Igoma bila kunyamaza.

Nikainua macho, wenzangu wananakili tarehe. Kijana nyuma yangu akamuuliza mwenzake, "Hii itakuja kwenye test?" Damu ikanipanda, wadau. Nilitaka kugeuka nimpige na daftari.

Kabla sijageuka kijana mmoja wa Ukerewe, mpole, huwa hasemi kabisa, akanyoosha mkono. Akasema kwa Kiswahili, "Sir, na MV Nyerere?" Septemba 20, 2018, Alhamisi, siku ya gulio la Bugolora. Alikuwa darasa la sita kule Ukara, anamsubiri mama yake arudi na viatu vya shule. Kivuko kilipinduka wanakiona. Mama yake hakuwa amepanda, alichelewa kwa sababu ya hivyo viatu. Jirani zao wawili walikuwemo.

Darasa zima simu zikashuka. Hakuna aliyerekodi. Ticha alisimama na chaki yake mpaka kengele.

Nilipotoka nikamfuata yule kijana tukakaa kwenye mawe nje, haya mawe yetu ya Mwanza, tukala mihogo ya mia tano. Hatukuongea mengi. Yeye ana meli yake na mimi nina yangu. Yule wa "itakuja kwenye test" alizaliwa 2006 Morogoro, nimkasirikie kwa lipi? Ziwa amelijua mwaka jana.

---

Kipanya cha Igoma

Pole mama. Mimi naishi karibu na hayo makaburi, nimekua nayaona. Nilidhani ni ya wazungu wa zamani mpaka nikiwa darasa la tano.

---

Ticha wa Jioni

Nafundisha chuo kimoja kanda hii, sitasema kipi. Nimefurahi kusoma upande wa pili, maana nami huwa najiuliza kwa nini darasa ni kimya.

Niongeze jambo la akili mnemba kwa sababu hakuna aliyeligusa. Tangu mwisho wa 2022 ilipotoka ile ChatGPT kazi za nyumbani zimebadilika. Nilitoa swali la gharama za kuendesha biashara ndogo mkoani Mwanza, nikapokea kazi sitini, na arobaini zilikuwa na mfano uleule wa mgahawa wa kahawa wenye wateja wanaokuja na kompyuta mpakato. Mwanza! Kazi moja tu ilikuwa na makosa ya Kiingereza kila mstari, na ndani yake kulikuwa na bei ya barafu, mafuta ya taa, posho ya wavuvi, ushuru wa mwalo na dagaa wanaoharibika mvua ikinyesha kabla hawajakauka. Niliipa alama za juu kuliko zote. Ilikuwa ya mama wa makamo kama wewe.

Sasa tatizo langu ni kwamba vijana hawa wana hadithi zilezile. Wamekulia kwenye hizo biashara, mama zao wanauza kayabo, wale samaki wa chumvi, na maembe. Lakini hakuna aliyewaambia kuwa bei ya barafu ni elimu. Wanadhani elimu ni ule mgahawa wa kahawa. Kwa hiyo siku hizi nawaambia waandike kwa mkono, darasani, kuhusu duka ambalo wamewahi kutumwa. Kazi zimekuwa fupi, zina makosa, na ninazisoma mpaka mwisho.

---

Elfu Mbili na Tano

Ticha unatuua. Ila ni kweli, mimi niliandika mgahawa wa kahawa mwaka wa kwanza. Sijawahi kunywa kahawa ya mgahawa maisha yangu.

---

Kichwa Kigumu

Hapo kwenye dagaa na mvua hata mimi ningempa mia.

Mama Furu, nimesoma yote sasa. Naomba unieleweshe, ulisema zamani watu walisoma zaidi au?

---

Mama Furu

Sikusema hivyo, na hapa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

2001 maktaba yetu ilikuwa na nakala tatu za kitabu kikubwa cha uhasibu. Darasa watu sabini. Hakikuruhusiwa kutoka nje, unasoma mlemle ndani. Kutoa kopi ukurasa mmoja ilikuwa hela ya mapanki ya siku nzima, na mapanki ndiyo yalikuwa nyama yetu. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukanunua mifupa ya sangara ya kukaanga. Basi watu walisoma kwa sababu ukikipata hicho kitabu una saa moja tu, utakinywa kama dawa.

Nami wiki mbili kabla ya mtihani nilichukua nakala moja nikaificha kwenye shelfu ya kilimo, nyuma ya vitabu vya ng'ombe wa maziwa. Kila siku nakwenda, nakitoa, nasoma, nakirudisha kwa ng'ombe. Rafiki yangu tuliyepanga naye chumba kimoja Mkuyuni alikitafuta mpaka akalia. Mimi namwambia, pole, watakuwa wamekiiba. Usiku tunalala kitanda kimoja. Nilifaulu, yeye akapata sapu, sapu ikamshinda, akadisko, yaani akaondolewa chuo.

Hakukuwa na kamera. Hakuna aliyenirekodi, ndiyo maana mpaka leo naitwa mtu mwema.

Hawa watoto ninaosoma nao, mmoja akipata kitabu, ndani ya dakika moja kiko kwenye grupu kwa watu tisini. Muhula uliopita nilihesabu faili arobaini na mbili. Nilizofungua mimi ni tisa, na nadhani niliongoza. Kwa hiyo sijui nani alisoma zaidi. Najua tu kwamba hakuna anayemficha mwenzake, hata yule asiyempenda. Mara ya kwanza niliona faili linatua bila kuombwa nilitaka kumuuliza aliyetuma, wewe huogopi atakupita?

---

Dereva wa Geita

Duh. Nimesimamisha gari kusoma hii.

---

Mwana Nansio

Jamani mimi ni msomaji wa kimyakimya, leo nimejisajili ili niulize. Nina miaka 39, niko Ukerewe, nilimaliza fomu foo 2004 nikapata divisheni foo, pasi za D. Nimekuwa nikitamani kusoma famasia au hata ustawi wa jamii. Mkopo wa Bodi ya Mikopo nitapata? Na jina langu kwenye cheti wameandika tofauti kama lako. Nianzie wapi?

---

Mama Furu

Mwana Nansio karibu mdogo wangu. Mkopo wa Bodi sahau, umri mwisho miaka 35 wakati wa kuomba, mimi mwenyewe nalipa ada kwa awamu nne na mbili kati ya hizo ni kikoba. Usiende kwenye kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kwa ajili ya ada, nakuomba kama ndugu yako.

Famasia wanaangalia sana kemia na baiolojia, tazama hizo D zako ziko kwenye masomo gani kabla hujalipa hela ya fomu kwa mtu yeyote. Mwongozo wa udahili wa NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi, unapatikana bure mtandaoni, umeandika kila chuo na sifa zake. Chuo kisichokuwemo humo usikisogelee, hata kama tangazo lao lina picha ya jengo zuri.

Jina: kila mahali andika kama lilivyo kwenye cheti cha fomu foo, hata kama walikosea. Usijaribu kulirekebisha kwenye fomu. Halafu hati ya kiapo itafunga mengine. Piga kopi sita, utaombwa hata sehemu usizotegemea.

Na kama huna cheti mkononi, usiseme kimepotea nyumbani, kitafute kwanza kwenye begi la mama. Changu kilikuwa chini ya godoro Magu, kimezungushiwa gazeti la 1998.

---

Elfu Mbili na Tano

Mama nina swali la mwisho, kama hutaki usijibu. Yule rafiki wa Mkuyuni. Umeshamwambia?

---

Mama Furu

Bado.

Ana duka la vifaa vya shule Nyakato. Daftari zangu zote tangu nianze nanunua kwake, napita maduka manne mpaka nifike. Mwezi wa kumi mwaka jana aliniuliza ni za mjukuu, nikamwambia ni zangu, nimerudi kumalizia uhasibu. Alinitazama kidogo, akaingia ndani, akatoka na kikokotozi kipya akakiweka juu ya daftari. Nikamwambia bei? Akasema chukua tu, hiyo sapu ya zamani tulipe wote.

Ndicho ninachotumia mpaka leo.

Jumatatu nina pepa ya kodi. Mwenye mitihani iliyopita aitupie hapa.

---

Elfu Mbili na Tano

Ninayo ya miaka mitano. Nipe dakika, nimalizane na mteja.